Gumba la mama limevimba baada ya kuchomwa na mwiba wa sato, tatizo linaweza kuwa nini?

BintiKirumba

Habarini za saa hizi wakuu, naomba msaada kwa yeyote anayejua haya mambo maana hapa nilipo akili haijatulia.

Mama yangu yuko Mwanza, anauza samaki pale Mwaloni Kirumba, ana miaka 56. Wiki iliyopita alikua anatoa magamba ya sato, ile miba ya mgongoni ikamchoma kwenye gumba la mkono wa kulia, upande wa kiganja, pale kwenye nyama ya ncha ya kidole. Ilitoka damu kidogo tu akasuuza na maji akaendelea na kazi zake kama kawaida, si unajua mama zetu. Siku zilizofuata kikaanza kuuma, alafu kikavimba, na saivi gumba lote limetuna mpaka ukucha unaonekana kama umezama ndani, ngozi imekaza inang'aa. Hawezi kulikunja. Usiku ndo balaa kabisa, anasema linapwita kwa kufuata mapigo ya moyo, analala ameegemeza mkono juu ya mto na usingizi haupati.

Alienda duka la dawa wakampa amoksilini na diklofenaki. Akimeza ile ya maumivu anapata nafuu kidogo, ikiisha nguvu yanarudi palepale. Kila mtu pale mtaani ana jina lake la ugonjwa, jirani anasema ni jongo kwa sababu ya kula sana dagaa, shangazi anasema baridi yabisi kwa vile kazi yake ni ya maji na barafu muda wote, kuna mwingine kasema huyo ni mdudu wa kidole atapasuka mwenyewe akiiva, na kuna aliyesema ametupiwa kitu na wenzake wa sokoni. Mimi niko Dar, naona picha tu anazonitumia.

Naomba kujua gumba kuvimba hivi linaweza kusababishwa na nini, na je ni jambo la kusubiri mpaka nipate ruhusa kazini nisafiri au aende hospitali hata peke yake? Yeye mwenyewe anasema "mwanangu kidole tu hiki, kitapona".

Mzee wa Bariadi

Pole sana binti yangu. Huyo ni mdudu. Sisi zamani ilikua unachukua limau, unalitoboa, unaingiza kidole humo ndani unalifunga na kitambaa usiku kucha, asubuhi linaiva linapasuka usaha unatoka. Au maji ya moto yenye chumvi, anachovya asubuhi na jioni. Watu wengi wamepona hivyo, mimi mwenyewe nikiwa kijana nilipona. Mpe pole mama.

Tabibu_Ifakara

Dada pole, na shkamoo mzee wa Bariadi. Mimi ni tabibu, nipo kituo cha afya, vidole vya namna hii naviona sana hasa msimu wa kuvuna. Kupitia maandishi siwezi kumpima mama, ila naweza kukueleza tunavyofikiria gumba lililovimba likiingia mlangoni, maana majina yote uliyopewa hapo mtaani (ukitoa hilo la kutupiwa) ni magonjwa ya kweli, ila kila moja lina mahali pake linapokaa na namna yake ya kuanza.

Cha kwanza tunaangalia limevimba WAPI. Kama uvimbe uko pembeni ya ukucha, kwenye ile ngozi inayoukumbatia, huyo ndio mdudu wa kidole ambaye mzee anamsema. Anakuja kwa mtu anayetafuna kucha, aliyekatwa ngozi saluni, au anayeloweka mikono kutwa kama dobi na mama lishe. Akiwahiwa bado hajatunga usaha, maji ya uvuguvugu ya kuchovya robo saa mara kadhaa kwa siku yanasaidia kweli, na wengi wanapona kwa hilo. Hapo mzee hajakosea.

Ila mama hakuumia pembeni ya ukucha, kachomwa kwenye nyama ya ncha, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Ile nyama ya ncha ya kidole sio mfuko mmoja, ndani yake kuna nyuzi ngumu zimetoka kwenye ngozi zimeenda kushika mfupa, zinaigawa kuwa vyumba vidogo vidogo vingi. Usaha ukitunga humo hauna pa kutanukia. Presha inapanda, damu inashindwa kupita vizuri, na hiyo ndiyo inayofanya kidole kipwite usiku na mtu atafute pa kunyanyulia mkono. Ukiachwa unaua nyama, unaweza kufika kwenye mfupa, na mfupa nao ukaoza. Huu hauivi ukapasuka wenyewe kirahisi kama jipu la mgongoni na wala hautoki kwa kuminya, unapasuliwa na mtu anayejua, kwa ganzi, kwa sababu pembeni mwa kidole huku na huku kuna mishipa ya fahamu na ya damu, wembe ukipita vibaya mama anapoteza hisia za ncha ya gumba moja kwa moja.

Kuna la tatu ambalo ndilo linanitia wasiwasi ukisema limevimba LOTE na halikunjiki. Kano inayokunja gumba inapita ndani ya mfereji wake upande wa kiganja. Mwiba ukiingiza vijidudu kwenye ule mfereji, vinakimbia humo kwa haraka sana. Kuna daktari mpasuaji wa Chicago anaitwa Allen Kanavel ambaye alieleza dalili zake miaka zaidi ya mia iliyopita na mpaka leo tunazitumia hizohizo: kidole chote kinavimba, kinakaa kimejikunja kidogo, ukibonyeza upande wa kiganja kuifuata kano yote mtu analia, na ukijaribu kukinyoosha wewe mwenyewe kwa mkono wako maumivu hayavumiliki. Hii ni dharura, ya masaa sio ya kusubiri siku. Na kwa gumba ina ubaya wake wa ziada, ule mfereji unashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono na kwa watu wengi unakutana na mfereji wa kidole kidogo, kwahiyo usaha unaweza kuanzia gumbani ukatokea kidole cha mwisho upande wa pili wa kiganja.

Sasa jongo. Jongo linapenda gumba la MGUU zaidi, ila linaweza kushika la mkono, hasa kwa kina mama waliokoma hedhi ambao wanatumia dawa za presha za kukojoza kama HCT. Linaanza ghafla, mara nyingi usiku, linashika kiungo, na halihitaji kidonda. Dagaa wanachangia ndio, hata nyama na pombe, ila hapa tuna mwiba ulioingia na damu ikatoka, siwezi kuanza kumfikiria dagaa kabla sijamaliza na mwiba. Baridi yabisi ya kuchakaa kiungo inakaa kwenye shina la gumba, inakuja polepole kwa miezi na miaka, mtu anashindwa kufungua mfuniko wa chupa au kukamua nguo. Haivimbishi ncha kwa wiki moja.

Kuna mambo mengine mawili ya kwenye samaki. Moja, kipande cha mwiba kinaweza kuwa kimebaki ndani, na mwiba mwingine kwenye eksirei hauonekani, ultrasaundi inausaidia kuuona. Mbili, kuna bakteria wanaokaa kwenye samaki wanaoweza kuleta uvimbe wa rangi ya zambarau unaowaka na kutambaa taratibu bila usaha, na wengine dawa zao sio zile za kawaida. Kwahiyo popote atakapoenda aseme kwa mdomo wake kwamba kachomwa na SAMAKI, asiseme tu "kidole kinauma".

Kuhusu amoksilini, bakteria anayeongoza kwenye usaha wa vidole ni Staphylococcus aureus, na wengi wao wana uwezo wa kuivunja ile dawa kabla haijafanya kazi. Alafu hata dawa iliyo sahihi haipenyi vizuri kwenye usaha uliojifungia. Diklofenaki nayo inatuliza maumivu na homa, mtu anahisi anapona kumbe ndani moto unaendelea.

Nijibu haya tafadhali. Mama amewahi kupima sukari? Ana homa au kutetemeka? Kuna mtoki kwapani? Uvimbe umeishia gumbani au umeshuka kiganjani? Kidole kidogo cha mkono huohuo kinauma? Ana pete kwenye mkono huo? Sindano ya pepopunda alichoma lini mara ya mwisho? Na usitegemee kuona wekundu kwenye picha, kwa ngozi zetu nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, muulize kama panachemka akigusa na kama ngozi imekaza kuliko upande wa pili.

Nyakato

Dada mimi nikiona neno sukari hapo juu naomba nikuambie kilichompata baba yangu. Baba alikua na kisukari anajijua, dawa anameza akikumbuka. Alijikwaruza kidole cha mkono kwenye bati wakati anaziba banda la kuku, mkwaruzo mdogo kabisa, mimi mwenyewe niliuona nikampaka spiriti. Hakulalamika maumivu makali, na sasa ndo najua kwanini, vidole vyake vilikua na ganzi siku nyingi. Watu wakamletea majani ya kubandika, yakabandikwa, kila siku tunamuuliza anasema afadhali. Siku tunafungua kile kitambaa, harufu ilivyotoka hatukuhitaji kuambiwa na mtu. Nyuma ya mkono ngozi ilikua nyeusi na malengelenge yana maji machafu, umevimba mpaka kiwiko. Hospitali walipambana naye sana kwa kweli, alipelekwa chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja, mwisho mkono ukakatwa juu ya kifundo. Yupo hai tunamshukuru Mungu, ila alikua fundi cherehani.

Sikutishi dada. Nakuomba tu leo mama apimwe sukari.

Tabibu_Ifakara

Pole sana Nyakato kwa yaliyompata mzee. Na hili la baba yako sio la peke yake. Kuna ugonjwa kabisa umeandikwa, mkono wa kisukari wa nchi za joto, ulielezwa kwanza Nigeria miaka ya 80, na Dar es Salaam madaktari wakafuatilia wagonjwa wao kati ya 1998 na 2002 wakaandika walichokiona. Inaanza na kitu kidogo, kuumwa na mdudu, mkwaruzo, mwiba, sukari iko juu, mgonjwa anachelewa kufika, na kufikia hapo mkono umeshaoza, wengine wanakatwa na wengine wanakufa. Watu wamezoea kusikia kisukari kinakata miguu, elimu yote ni ya miguu, ukaguzi ni wa miguu, huku kwetu mtu anashika jembe, anashika samaki, anashika kuni kwa mikono mitupu na hakuna anayemwambia aangalie vidole vyake. Hili linaniuma kila nikiona mtu kafunga kidole na kitambaa. Na wengi hawajui kabisa kama wana sukari, kidole ndicho kinawaleta.

BintiKirumba

Nimempigia saivi hivi. Sukari hajawahi kupima hata siku moja. Ila nilipomuuliza kama Tabibu alivyosema akaniambia anakunywa sana maji siku hizi, anadhani ni joto, na usiku anaamka kukojoa mara nyingi, na miguu inamchomachoma kama amekanyaga pilipili, hiyo ya miguu ni ya muda mrefu kumbe na hajawahi kutuambia!! Homa anasema anajisikia baridi jioni. Uvimbe umeanza kushuka kwenye ile nyama ya chini ya gumba upande wa kiganja. Kidole kidogo anasema "kama kinavuta" ila hajui ni mawazo au ni kweli. Pete anayo, ya ndoa ni mkono wa kushoto ila wa kulia pia ana kipete cha shaba. Pepopunda hakumbuki, labda alipokua mjamzito wa mdogo wangu wa mwisho.

Tabibu naogopa. Anasema kesho ana mzigo wa samaki unaingia ataenda keshokutwa.

Tabibu_Ifakara

Asisubiri mzigo. Leo, hata kama ni usiku. Dada tafuta mtu yeyote wa karibu, jirani, mtoto wa shangazi, amchukue ampeleke moja kwa moja hospitali ya wilaya au ya mkoa sehemu wanayoweza kupasua usiku, asianzie zahanati ambako wataandika rufaa tu na muda unaenda.

Kile kipete kitolewe sasa hivi kabla uvimbe haujakifikia, apake mafuta au sabuni akizungushe polepole, kikigoma wasikivute kwa nguvu hospitali watakikata. Mkono aubebe juu ya usawa wa moyo njia nzima. Wasichovye kwenye maji ya moto tena, na mzee wa Bariadi nikuombe radhi hapa, kwa mtu ambaye miguu inachomachoma inawezekana hata vidole vina ganzi, hawezi kujua maji yamezidi moto, nimeshatibu mama aliyeungua mkono mzima kwa maji ya chumvi akiwa anatibu kidole. Wala wasilifunge kwa kitambaa cha kubana, wala mtu asimchome na sindano ya nyumbani. Majani, mafuta ya taa, unga wa betri, hapana vyote.

Akifika mapokezi aseme hivi: nimechomwa na mwiba wa samaki, kidole chote kimevimba, siwezi kukikunja wala kukinyoosha, nasikia baridi, na naomba nipimwe sukari. Hayo maneno yanamtoa kwenye foleni ya kawaida. Na aulize sindano ya pepopunda. Abebe na paketi za dawa alizomeza.

Mzee wa Bariadi

Nimekuelewa daktari, hilo la sukari zamani hatukulijua. Binti fanya kama alivyosema, mzigo wa samaki upo kila siku.

MamaMapacha

Jamani samahani dada kwa kuingilia, Mungu amponye mama. Tabibu kwa vile umeeleza vizuri naomba na mimi. Nina mapacha wa miezi minne, gumba langu la kushoto linauma sana pale chini kwenye kifundo upande wa gumba na pamevimba kama kikoko kidogo. Sijachomwa na chochote, homa sina. Nikimnyanyua mtoto au nikikamua nepi nasikia kama umeme umepita. Nimeambiwa ni uzazi umenipiga mifupa, nikanywa na dawa za kienyeji za kurudisha mifupa.

Tabibu_Ifakara

Hongera kwa mapacha mama, na hilo lako ni jingine kabisa na halina haraka ya usiku. Jaribu hivi: kunja gumba uliweke ndani ya kiganja, vidole vinne vilifunike kama unapiga ngumi, alafu inamisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Kama hapo kwenye kifundo utaruka kwa maumivu, kuna uwezekano mkubwa ni kano za gumba zimevimba ndani ya ala yake. Inaitwa ugonjwa wa de Quervain, jina la daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kina mama wenye watoto wachanga wanaupata sana kwa sababu ya ule unyanyuaji wa kutanua magumba na kumshika mtoto kwapani, kutwa mara nyingi, na wewe una wawili.

Badilisha namna ya kunyanyua. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mgongo na shingo, viganja vikiangalia juu kama unachota, magumba yakae karibu na vidole vingine yasitanuke. Wakati wa kunyonyesha weka mto chini ya mkono usibebe kichwa cha mtoto kwa kifundo kilichojikunja. Tafuta kifaa cha kushikilia kifundo ambacho kinashika NA gumba, vile vinavyouzwa ambavyo vinaacha gumba wazi havisaidii hili. Ibuprofeni kwa siku chache inaruhusiwa kwa anayenyonyesha kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo. Isipopungua baada ya wiki kadhaa nenda kwa daktari wa mifupa, kuna sindano inachomwa kwenye ile ala na wengi inawaponya, wachache sana wanafika kupasuliwa. Kusuka na kuchati simu kwa gumba hilo punguza kwanza.

Na kwa vile mna watoto humu, mtoto mdogo wa chini ya miaka mitatu hivi akivimba vidole vya mikono au nyayo ghafla, analia ukimgusa na hajaumia popote, msikimbilie kusema kateguka. Apimwe selimundu. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa kwa mtoto, na kanda ya ziwa tunao wengi.

BintiKirumba

Wakuu narudi na majibu. Binamu yangu alimpeleka mama usiku uleule kwa pikipiki mkono kaunyanyua, akafika hospitali wakampima sukari mapokezi ikasoma 19. Nesi akarudia na kidole kingine ikasoma hivohivo. Wakamlaza, dripu, dawa ya sindano, insulini, na asubuhi daktari akampeleka chumba cha upasuaji akapasuliwa kwenye gumba na pale chini kwenye kiganja, wakasafisha. Daktari akamuonyesha binamu kipande cha mwiba walichokitoa, kifupi kama punje ya mchele, kilikua kimezama ndani kabisa. Alisema usaha ulikua umeshaingia kwenye njia ya kano ila haujavuka kwenda upande wa pili, na mfupa kwenye picha uko salama kwa sasa, wanampiga picha nyingine baadae kuhakikisha.

Mimi nimepata ruhusa nipo Mwanza tangu jana. Mama amelala usiku mzima, ndo jambo la kwanza aliloniambia nilipoingia wodini. Nyakato dada yangu sijui nikushukuruje, na baba msalimie sana. Tabibu Mungu akubariki.

Ninachouliza sasa, kidole kimefungwa bandeji kubwa, na daktari wa zamu kasema aanze kukichezesha. Mama hataki, anasema kidonda kitafumuka. Na kazi ya samaki atarudi kweli?

Tabibu_Ifakara

Nimefurahi mno dada, hapo mmewahi.

Achezeshe. Daktari akisema aanze basi aanze hata kama anasikia maumivu kidogo, apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Kano iliyopitiwa na usaha ikikaa kimya inagandana na mfereji wake, kidonda kinapona vizuri kabisa ila gumba linabaki gongo lisilokunjika, na mtu asiyeweza kukutanisha gumba na vidole vingine hashiki kisu, hafungi kitenge, hahesabu hela. Ulizia fiziotherapia kabla hajaruhusiwa. Kidonda wataacha wazi kwa muda, msishangae hakijashonwa, kinatakiwa kijae kutokea chini.

Sukari ya 19 itashuka maambukizi yakiisha ila isiwadanganye mkaacha dawa. Aandikishwe kliniki ya kisukari palepale kabla ya kutoka, apimwe macho na figo, na hiyo miguu inayochoma aitaje. Aambiwe na kiwango anachotakiwa kuwa nacho yeye. Na awe anaangalia mikono yake kila jioni kama anavyohesabu mauzo, katikati ya vidole, ncha, pembeni ya kucha.

Kazi atarudi, ila sio kesho na sio na kidonda wazi. Akirudi avae glavu nene za mpira mkono unaomshika samaki, na ile miba ya mgongoni aikate kwanza na mkasi kabla ya kugusa magamba. Akichomwa tena, maji yanayotiririka na sabuni hapohapo, na kikianza kuvimba aende siku hiyohiyo.

Dogo_Boda

Tabibu usiondoke mkuu. Mimi nilianguka na pikipiki nikatua na mkono umetanuka, gumba likavimba pale kwenye shina. Nikapiga eksirei siku ileile wakasema hamna kilichovunjika nikapewa diklo. Uvimbe umepungua ila kila nikizungusha mafuta bado panauma, na ni muda sasa.

Tabibu_Ifakara

Nyoosha gumba juu kama unasema poa, utaona kishimo kinatokea nyuma ya shina lake karibu na kifundo, katikati ya kano mbili. Bonyeza humo kwa kidole. Kama ndipo panapouma, rudi ukapige picha nyingine. Humo chini kuna kimfupa kinaitwa skafoidi, kikipata ufa picha ya siku ya kwanza inaweza isiuonyeshe kabisa, unaonekana baada ya siku 10 mpaka 14. Damu yake inaingilia upande mmoja tu, kwahiyo kikivunjika kikaachwa bila piopi (ile plasta ngumu ya mfupa) upande wa pili unaweza kufa, na kifundo kikachakaa ukiwa bado kijana.

Kama pale kwenye kishimo hapaumi, bonyeza kiungo cha katikati ya gumba upande unaoangalia kidole cha shahada, alafu jaribu kubana funguo kati ya gumba na kidole hicho mtu akivuta. Funguo ikichomoka kirahisi kuliko mkono wa pili, ligamenti ya hapo (utepe unaoshikanisha mifupa ya kiungo) imechanika au imevutika, na hiyo nayo ina muda wake wa kurekebishwa. Kwa vyovyote usiendeshe mpaka uonwe na daktari wa mifupa, kwa mkono huo huo wa mafuta ndio unashika na breki ya mbele.